Ndege Katika Fumbo la Maneno

Wasikilizaji wetu, na ninyi wasomaji mtakaoyapata mazungumzo haya katika kijitabu, hapana shaka kila mmoja wetu alipokuwa mtoto aliketi jioni kando ya moto, akamsikia mzee akisema "Kitendawili", naye akaitika "Tega". Watu wa Marekani na Uingereza nao wana kitendawili chao, lakini hicho hakitegwi kwa mdomo, bali huandikwa ndani ya mraba. Mraba huo hugawanywa vijumba vidogo, vingine vyeupe na vingine vyeusi. Katika kila kijumba cheupe huingia herufi moja tu. Maneno mengine hulala, mengine husimama, na pale yanapokutana herufi moja hutumika kwa maneno mawili. Kando ya mraba huandikwa madokezo, nayo ndiyo yampayo msomaji njia ya kuyajua majibu. Mchezo huu twauita hapa fumbo la maneno.

Twataka kueleza habari moja tu ya mchezo huu, nayo ni habari ya ndege waliomo ndani yake. Waliingia wakiwa majibu mepesi ya kujaza nafasi. Baadaye wakawa chambo cha kunasia watu wenye akili nyingi. Habari yenyewe yaanza New York, lakini kabla haijaisha itapita Mombasa.

Siku ya Jumapili, tarehe 21 Desemba 1913, gazeti la New York World lilitoa fumbo la namna mpya katika kurasa zake za kuchekesha. Aliyelitunga ni Bwana Arthur Wynne, mtu wa Liverpool aliyekwenda kufanya kazi Marekani. Fumbo lake halikuwa mraba hasa. Lilikuwa na umbo kama la almasi, nalo lilikuwa na tundu katikati. Hapakuwa na vijumba vyeusi ndani yake. Neno moja aliwapa wasomaji bure, neno lenye maana ya furaha, ambalo ndilo lililokuwa jina la kurasa zile. Mengine yote iliwapasa kuyatafuta wenyewe.

Basi tazama madokezo ya fumbo lile la kwanza. Dokezo moja lasema: ndege. Jibu lake ni "dove", yaani njiwa. Shuka chini kidogo, utaona dokezo jingine linalotaja jamii ya njiwa, na jibu lake ni "dove" vilevile! Njiwa yuleyule ametua mara mbili katika fumbo moja, mara ya kwanza amelala na mara ya pili amesimama. Watungaji waliokuja baadaye waliliona jambo hili kuwa kosa, kwa kuwa ni kama kumwuliza mtoto kitendawili kilekile mara mbili kwa usiku mmoja. Sisi hatupendi kumlaumu sana Bwana Wynne. Mtu anayefyeka njia ambayo hapana aliyeipita kabla yake, hapana budi miiba itamchoma. Hata kucha ya ndege mla nyama alikuwa ameitia mle, kwa neno la kale ambalo Waingereza wengi hawakulijua. Tena alitia nyuzi za mti fulani wa jamii ya minazi uotao katika visiwa vya Malaya, neno ambalo hapana aliyelijua ila mwenye kamusi.

Bwana Wynne aliuita mchezo wake "Word-Cross". Baada ya majuma machache, wapiga chapa wakakosea wakageuza maneno mawili, la nyuma likawa mbele, na jina lile lililogeuzwa ndilo lililobaki. Twaona ni jambo la haki kabisa kwamba mchezo wa kupindua maneno upate jina lake kwa maneno kupinduka.

Kwa miaka kumi hivi mchezo ulibaki katika gazeti lile. Kisha mwaka 1924 vijana wawili wenye kampuni mpya ya vitabu, Bwana Simon na Bwana Schuster, wakatoa kitabu kizima cha mafumbo, na kila kitabu kikauzwa pamoja na kalamu yake ya risasi. Kitabu kikanunuliwa kama chumvi. Watu wakajaza vijumba nyumbani, kazini na katika gari la moshi, na kamusi zikatafutwa kila mahali. Hapo wakubwa wa magazeti wakakasirika. Gazeti la New York Times mwaka huohuo lilisema huku ni kupoteza wakati, na The Times la London likaandika kana kwamba Marekani nzima imetiwa utumwani. Walakini yule Times wa London alianza kuchapa fumbo lake mwenyewe tarehe 1 Februari 1930. New York Times alikawia zaidi. Alikaza shingo mpaka tarehe 15 Februari 1942, wakati Marekani ilipokwisha kuingia vitani, na watu walihitaji kitu cha kuwapumzisha na habari za kufisha. Hata magazeti makubwa hula matapishi yao, wakati ukifika.

Sasa, kwa nini ndege? Wanyama ni wengi duniani, na samaki, na miti. Mbona katika mafumbo ya Kiingereza ndege hawaishi kuruka?

Sababu ya kwanza haina utukufu wowote. Mtungaji wa fumbo ni kama mwashi ajengaye ukuta wa mawe: mawe makubwa ameyaweka, na hapo katikati pamebaki pengo dogo, naye anatafuta kijiwe cha kuziba. Vijiwe vyake ni maneno ya herufi tatu au nne, hasa yenye vokali nyingi, maana vokali ndizo zinazopatana kwa urahisi na herufi za maneno yanayopita kwa upande mwingine. Kiingereza kina maneno mengi yaliyosongamana konsonanti, lakini majina ya ndege kadha wa kadha ni mafupi na mepesi. Yuko "emu", ndege mkubwa wa Australia anayefanana na mbuni. Yuko "moa" wa New Zealand, aliyekwisha malizwa na wawindaji zamani, walakini katika mafumbo yu hai. Yuko "kea", kasuku wa milima ya huko. Yuko "erne", jina la kale la tai wa baharini, ambalo Mwingereza aweza kumaliza maisha yake bila kulitamka sokoni hata mara moja, lakini akikaa na fumbo lake atalikuta. Na yuko "roc", ambaye hapana mtu aliyemwona. Ndiye yule ndege Rukh wa Alfu-Lela-Ulela aliyembeba Sindbad. Marco Polo aliandika katika karne ya 13 kwamba ndege huyo yuko upande wa Bukini, na kwamba humnyakua tembo mzima. Bukini palikuwapo kweli ndege mkubwa asiyeruka, ambaye yai lake lapita urefu wa sentimeta 30. Huenda mabaharia waliona mayai yale wakaongeza chumvi.

Kiswahili hakina shida hiyo ya Kiingereza. Kina shida ya namna nyingine. Maneno yetu karibu yote huishia kwa vokali. Kwa hiyo mtu ajaribuye kutunga fumbo la Kiswahili huona kwamba pembe ya chini imejaa a na i na u, na kila neno linalopita pale lataka vokali mahali ambapo lenyewe lataka konsonanti. Aliyejaribu anajua jasho lake.

Lakini hayo yote ni mambo ya kuziba mapengo. Kama ndege wangalikuwa vijiwe tu, tusingekuwa na habari ya kusimulia. Mabadiliko makubwa yalikuja Uingereza, mwaka 1926, katika gazeti la The Observer. Hapo alitokea mtungaji aliyejiita Torquemada, jina la kadhi wa Hispania aliyewatesa watu kwa ajili ya dini. Jina lake la kweli lilikuwa Edward Powys Mathers, naye ndiye aliyewafasiria Waingereza Alfu-Lela-Ulela kutoka katika Kifaransa mwaka 1923. Basi mtu aliyeishi pamoja na Rukh na majini hakuridhika kuuliza "ndege wa herufi nne" akajibiwa "njiwa". Aliona kwamba dokezo lenyewe laweza kuwa fumbo. Akaanza kuandika madokezo yanayosema jambo moja kwa sikio na jambo jingine kwa akili. Aliendelea hivyo mpaka alipokufa mwaka 1939.

Kwa njia hii majina ya ndege yalipata thamani mpya, kwa sababu katika Kiingereza ndege wengi wamegawana majina na vitu vingine. Korongo huitwa "crane", na winchi ya bandarini ipakuayo mizigo huitwa hivyohivyo. Mbayuwayu ni "swallow", na kumeza chakula ni neno hilohilo. Mwewe ni "kite", na tiara ya karatasi wairushayo watoto ni "kite". Bata ni "duck". Tena katika mchezo wa kriketi mtu atolewaye bila kupata hata hesabu moja husemwa kwamba amepata bata, maana sifuri yafanana na yai lake. Kwa hiyo mtungaji akitaja bata, huenda hataki ndege kabisa, ataka herufi O tu! Na yuko ndege mdogo sana aitwaye "wren", ambaye jina lake ni jina la Sir Christopher Wren, mjenzi wa kanisa kuu la Mtakatifu Paulo huko London, aliyefariki mwaka 1723. Msomaji aambiwa habari za mjenzi, ajibu ndege. Aambiwa ndege, ajibu mjenzi.

Ili jambo hili lieleweke vema, na tujaribu kwa lugha yetu, ambayo katika mchezo huu haiko nyuma. Tukisema, "Mama amemfunga ndege kiunoni", mgeni ataona mama huyu ni mkatili. Lakini ninyi mmekwisha kutambua kwamba ndege huyo ni kanga, naye ni nguo. Tukisema, "Hunyonya maua, naye humtoka mwenye huzuni", jibu ni chozi, yule ndege mdogo mwenye rangi za kung'aa, na ni chozi la jicho. Mbuni ni ndege asiyeruka, na mbuni ni mti wa kahawa. Korongo ni ndege mwenye miguu mirefu, na korongo ni bonde jembamba lililochimbwa na maji.

Namna ya pili ni kuvuruga herufi. Tukiandika, "Ita, na asipoitika vuruga, atakuja mla mizoga", herufi za "ita" zikivurugwa zatoa tai. Neno "vuruga" ndilo linalomwonya msomaji kwamba herufi zabadilishwa nafasi. Namna ya tatu ni kumficha ndege ndani ya neno jingine, kama kuku afichavyo mayai kichakani. Na kuku mwenyewe amejificha katika "kukubali", kama vile bata alivyojificha katika "mbata" za nazi.

Hapa pana swali ambalo wengi waliuliza tangu mwanzo, nasi hatuwezi kulipita. Je, mchezo huu si kuwazoeza watu kusema uongo? Mtu asema mama amemfunga ndege, kumbe hakuna ndege. Watungaji wenyewe waligombana sana juu ya jambo hili. Wengine walijiona wana ruhusa ya kufanya lolote, mradi jibu lipatikane mwisho. Walitokea wengine wakakataa. Mmoja wao alikuwa mwalimu mkuu wa shule, Alistair Ferguson Ritchie, ambaye kwa herufi za mwanzo za majina yake na za ukoo wake alijiita Afrit, neno ambalo kwetu latambulikana mara moja, maana ni afriti yuleyule. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1949 alifundisha kwamba dokezo laweza kumpoteza msomaji apendavyo mtungaji, lakini maneno yake, yakisomwa moja moja kwa namna yake ya kweli, ni lazima yaelekeze kwenye jibu. Mtungaji wa Observer aliyemfuata Torquemada, D. S. Macnutt, aliyejiita Ximenes, alishika neno hilo akalifanya sheria, akaandika kitabu juu yake mwaka 1966. Twaliona kuwa neno la haki. Kanga kweli ni ndege, na kanga kweli hufungwa kiunoni. Hapana uongo uliosemwa. Msomaji alidanganywa na haraka yake mwenyewe. Mtu akisema "vuruga" pasipo kuvuruga kitu, huyo amesema uongo, na fumbo lake ni bovu hata likiwa gumu namna gani.

Tofauti hii kati ya kuficha na kudanganya ilikuwa mchezo wa jioni tu, mpaka vita vilipokuja.

Katika Januari 1942 gazeti la Daily Telegraph la London liliwaita wasomaji wake waje kushindana. Watu walikuwa wamenung'unika kwamba mafumbo ya gazeti hilo yamekuwa mepesi mno, na bwana mmoja aliahidi kutoa pauni 100 kwa mfuko wa meli za kuondoa mabomu baharini, kama yuko awezaye kulimaliza fumbo kwa dakika 12. Watu zaidi ya ishirini wakaja katika nyumba ya gazeti, wakakalishwa kama watoto wa mtihani, wakapewa fumbo. Wachache walilimaliza kabla ya wakati. Fumbo lile lilichapwa gazetini tarehe 13 Januari 1942, na mtu aweza kulisoma hata leo.

Katika madokezo yake lilikuwamo moja fupi kabisa, lisilo na herufi ila tatu katika jibu lake. Lilisema, kwa maneno yetu: ndege, au chakula, au fedha. Jibu lake ni "pie". Ndege wa jina hilo ni wa jamii ya kunguru, mweusi mwenye meupe kama kunguru wetu wa shingo nyeupe, mwenye mkia mrefu. Chakula chake ni ile pai, unga uliosukumwa ukajazwa nyama au matunda ukaokwa. Na fedha? Hapo Mwingereza wa shamba hukwama, lakini mzee wa pwani ya Afrika ya Mashariki asingekwama. Ni sarafu ndogo kuliko zote katika fedha za Kihindi. Rupia moja ilikuwa na ana 16, ana moja ilikuwa na pesa 4, na pesa moja ilikuwa na pai 3. Rupia zilitumika kwetu pia. Unguja zilikoma mwaka 1936. Pesa zenyewe zimekwisha kusahauliwa kuwa sarafu, lakini jina lake limebaki vinywani mwetu kuwa jina la fedha zote. Kwa hiyo yule ndege wa herufi tatu aliyewajaribu watu wa London alikuwa ameshika mdomoni kidogo cha biashara ya Bahari ya Hindi. Linganisha na njiwa wa mwaka 1913, aliyeulizwa ndege akajibu ndege.

Majuma yalipita. Kisha baadhi ya walioshindana siku ile wakapata barua za siri za serikali, wakaitwa kwa kazi ya vita, na miongoni mwao wako waliopelekwa Bletchley Park. Hapo ndipo Waingereza walipozifumbua barua za adui zilizoandikwa kwa mafumbo ya mashini. Serikali ilikuwa ikitafuta watu wasioamini sura ya kwanza ya maneno.

Tena katika Bletchley Park na vituo vyake walikuwapo mabinti wengi walioendesha mashini kubwa za kutafuta ufunguo wa siri za Wajerumani. Walikuwa wa kikosi cha wanawake wa manowari, kilichoundwa mara ya kwanza mwaka 1917 na kufufuliwa mwaka 1939. Kwa herufi za jina la kikosi, watu waliwaita kwa jina la yule ndege mdogo, "Wrens". Ndege, mjenzi na baharia wa kike, neno ni moja.

Nasi twarudi nyumbani. Mwezi wa Aprili 1942 ndege za Wajapani zilishambulia Colombo, na Waingereza wakaona kituo chao cha kufumbua siri za Wajapani hakiko salama pale. Wakakihamishia Kilindini, Mombasa. Kiliwekwa katika jengo la shule ya Allidina Visram, linaloitazama bahari, na miongoni mwa waliokuja walikuwapo mabinti wa kikosi kilekile. Huko walikabiliwa na siri iliyotumiwa na meli za biashara za Japani. Watu walidhani ni siri ya namna nzito sana, yenye hesabu zilizojumlishwa juu ya hesabu. Katika Septemba 1942 Wajapani walikosea katika kupeleka habari zao, na kosa hilo likaonyesha kumbe sivyo: hesabu zile zilikuwa zimevurugwa nafasi tu kwa utaratibu, kama tulivyoivuruga "ita" ikawa tai. Kufikia Novemba, watu wa Kilindini walikuwa wakisoma habari zile, na safari za meli zikajulikana kabla hazijafika.

Wapita njia wa Mombasa hawakujua lolote. Waliona shule, na askari mlangoni.

Kabla hatujaagana, twawaachia fumbo moja la Kiswahili, nalo lafuata sheria ya Afriti, maana hapana neno lililosema uongo ndani yake: "Wimbo utausikia, ila mwenye mkia wa fahari amejificha katikati." Herufi ni tano. Wanafunzi walio shuleni wasiwaulize walimu wao. Wasome neno la pili polepole, herufi kwa herufi, waiache ya kwanza.